MJADALA: Uonevu shuleni ni tabia ya mtoto au mfumo wa shule? Tuitazame Glee kwa jicho la sosholojia

Wakuu habari zenu. Kila ikisambaa klipu ya njuka (mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza) anapigwa bwenini maoni ni yale yale, huyo aliyepiga kakosa malezi, afukuzwe, basi. Mi siafiki, na nataka nieleze kwa kutumia tamthilia ya Glee maana wengi mliiona (Marekani ilirushwa Fox 2009 hadi 2015) ila mnaikumbuka kwa nyimbo tu.

Kwa ambao hamkuiona, shule inaitwa William McKinley, mji wa Lima, jimbo la Ohio. Juu kabisa wapo wachezaji wa futiboli ya Kimarekani na wasichana wa kushangilia, wale Cheerios wa kocha Sue Sylvester. Chini kabisa ni wanakwaya. Ukiwa chini unamwagiwa usoni kikombe cha juisi ya barafu, koridoni, mchana kweupe, na walimu wapo humo humo.

Anayemfuata Durkheim, yule mwanasosholojia Mfaransa, atasema shule inajenga mshikamano, na kweli ndani ya chumba cha kwaya wanashikamana, wa kiti cha magurudumu, wa kike, wa kiume, wa kila rangi. Sawa, lakini mlango ukifunguliwa tu wanarudi kila mtu kwenye ngazi yake.

Sasa kuna tukio moja msimu wa kwanza, mi naliona limebeba kila kitu. Finn ndo nyota wa timu, kajiunga na kwaya, hadhi yake imeshaanza kushuka na yeye mwenyewe kamwagiwa juisi. Kocha wa timu anawaambia wachezaji wachague, timu au kwaya. Wenzake wanamtaka ammwagie Kurt, mwanakwaya mwenzake, ili athibitishe bado ni mwenzao. Finn kashika kikombe, anasita, na Kurt anakichukua kile kikombe anajimwagia mwenyewe usoni ili Finn asipoteze nafasi yake!! Hebu fikirieni hapo. Hakuna mtoto mbaya kwenye hilo tukio, anayetakiwa kuonea hataki na anayeonewa anamhurumia, na bado juisi imemwagika. Aliyeimwaga ni nani kama sio ule utaratibu wa shule ambao mtu mzima, kocha, ndo kaukazia?

Quinn naye, kiongozi wa Cheerios, akipata mimba anatolewa kwenye timu na koridoni anamwagiwa kama wengine. Msichana ni yule yule, kilichobadilika ni ngazi tu.

Njooni kwenye hela, maana hapa watu wa Marx, wanaosema mwenye mali ndo mwenye nguvu, wana hoja nzito. Mwalimu Schuester ili aipate kwaya anaambiwa alipe dola 60 kila mwezi, wakati Cheerios wanakula bajeti bila maswali. Msimu wa pili Kurt anaandamwa na Karofsky, mchezaji wa futiboli, kwa sababu anapenda wavulana, mpaka anatishiwa kuuawa. Sue, ambaye kipindi hicho anakaimu ukuu wa shule, anamfukuza Karofsky, bodi ya shule inamrudisha! Kurt anahamia Dalton, shule ya kulipia ambayo haivumilii uonevu kabisa, na ada inatoka kwenye hela ambayo baba yake na mke wake mpya walitunza kwa ajili ya fungate. Yaani usalama wa mtoto umenunuliwa. Ambaye baba yake hana akiba ya fungate anabaki na Karofsky.

Kuna watakaosema Karofsky ni mbaya tu, mtu kasema ataua, tusimtetee. Simtetei, na kufukuzwa alistahili. Ila angalieni msimu wa tatu, kashahama shule, wenzake wanagundua na yeye anapenda wavulana, wanamwandikia tusi kwenye kabati lake la chumba cha kubadilishia nguo, anajaribu kujiua. Mwanasosholojia wa Marekani Howard Becker aliandika 1963 kwamba ukorofi haumo ndani ya kitendo chenyewe, ni jina ambalo watu wanakubandika, na jina likishabandikwa linaishi na wewe. Karofsky alijua hilo kabla yetu ndo maana aliwahi kumbandika Kurt kabla hajabandikwa yeye.

Kwetu hakuna Cheerios, ila kuna mabweni ambayo kidato cha kwanza wanafua nguo za wakubwa na kuteka maji usiku, na viranja wanajua, na matroni anajua, na mwaka unaofuata walioteswa ndo wanapokea njuka wapya. Ukifukuza mmoja nafasi yake inajazwa wiki hiyo hiyo. Mi nasema uchunguzi uanze na nani kawapa wakubwa mamlaka ya usiku, halafu ndo tuje kwenye nani kapiga.

Anayeona ni malezi tu aje hapa na hoja, ila aanze na hili: wale wazee wa bodi waliomrudisha Karofsky darasani, nao walikosa malezi?