Gari la watu watano linapakiwa wanane, halafu anayekataa ndiye anayeitwa mchoyo

Ndugu wanajukwaa, nimechoshwa na tabia ya kuifanya idadi ya abiria kuwa suala la hisani, kwamba mwenye gari akikubali kubeba watu wanane ana utu, na akikataa ana roho mbaya. Kila penye msiba, harusi au safari ya pamoja, maneno ni yale yale: "Sogeeni kidogo", "Huyo mtoto mpakate", "Kwani ni mbali?"

Idadi ya abiria haipimwi kwa kuangalia kama watu wanaweza kubanana, bali kwa mikanda iliyofungwa kiwandani. Gari likigonga, abiria wa nyuma asiye na mkanda huendelea mbele kwa mwendo ule ule liliokuwa nao, akamwangukia aliyeketi mbele yake, ambaye pengine alijifunga vizuri. Na wanaofunga watu wawili kwa mkanda mmoja wajue kwamba mkanda huo haukai sawasawa kwenye nyonga ya yeyote kati yao.

La kupakata ndilo linaloniudhi zaidi. Gari lililokuwa likienda kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huchomoka mikononi kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 140. Ni mama gani, hata awe na mapenzi kiasi gani, atakayeushika mzigo huo kwa mikono miwili? Akiwa amempakata siti ya mbele, mtoto ndiye anayebanwa kati ya mwili wake na dashibodi.

Kuna pia uzito, ambao hakuna anayeuuliza. Watu wazima watatu wa ziada ni kilo mia mbili hivi, na mizigo ya kwenye buti haijapunguzwa hata begi moja. Gari linakaa chini kwa nyuma, usukani unakuwa mwepesi, taa zinawamulika machoni wanaokuja mbele, tairi za nyuma zinapata joto kupita kiasi, na breki zinahitaji umbali mrefu zaidi. Dereva akitazama kioo cha ndani anaona vichwa tu.

Sheria nayo haikutungwa ili kuwakomoa watu. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usalama barabarani, pamoja na marekebisho yake, unakataza kubeba abiria kwa idadi au namna inayomzuia dereva kuendesha au kuona. Ajali ikitokea, kampuni ya bima inaweza kuitumia idadi hiyo kama sababu ya kupunguza au kukataa fidia. Anayeandikiwa faini ni dereva. Aliyekuwa akisema "sogeeni" hachangii hata senti.

Kwa hiyo nikisema siti zimejaa, zimejaa. Anayetaka kuniita mchoyo aniite akiwa amesimama nje ya gari.