Mgodi wa chini kwa chini unakuja karibu na bwawa letu: tukague nini kwanza?

Katibu wa Maji, Ikolomani
Wapendwa, mimi ni katibu wa kamati ya maji huku Ikolomani, Kakamega. Tuna bwawa la tuta la udongo, la zamani. Ng'ombe hunywa pale, na kuna shule bondeni. Kwenye baraza ya chifu tumeambiwa watu wa dhahabu watashusha shimo na kupasua mwamba kwa baruti ng'ambo ya kilima. Vijana wetu wanahitaji kazi, hatukatai. Lakini chini ya tuta kuna mahali hapakauki hata kiangazi. Tukague nini kabla hawajaanza?

Mpima Ardhi, Nakuru
Katibu, umeuliza wakati unaofaa. Tangu usiku wa 9 Mei 2018, bwawa la Solai lilipopasuka huku kwetu na kuua watu zaidi ya 40, mimi tuta lenye unyevu silipiti bila kusimama.

Anzeni hapo palipolowa. Tuta lenyewe msilichimbe! Maji yakishafika mbali nalo, yaelekezeni kwenye kibomba, mkinge kwa mtungi wa lita 20 na kuhesabu dakika za kujaa. Andikeni kila wiki, pamoja na kina cha bwawa na mvua iliyonyesha, maana bwawa likijaa maji huvuja zaidi hata bila mgodi. Na rangi! Yakitoka na matope, udongo wa ndani ya tuta unabebwa. Hapo msiitishe mkutano: ondoeni watu bondeni, mhandisi aitwe mara moja.

Watu huogopa baruti. Mimi naogopa pia pampu. Mgodi hunyonya maji ya ardhini ili wachimbaji wasizame, na udongo ulionyang'anywa maji husinyaa, ardhi ikashuka polepole. Kule Los Angeles, bwawa la Baldwin Hills lilipasuka 14 Desemba 1963, watu 5 wakafa. Ardhi chini yake ilikuwa imetitia na kupasuka, na uchimbaji wa mafuta jirani ulitajwa kuwa chanzo. Mlinzi alisikia maji mengi kupita kawaida kwenye mabomba ya chini, akatoa taarifa, watu wengi wakahamishwa kabla ukuta haujaachia. Alijua kawaida yake ilivyo. Ndiyo maana nawasihi mpime sasa.

Wekeni vigingi vya zege juu ya tuta, vipimwe kimo, na kimoja mbali juu ya mwamba cha kulinganishia. Pigeni picha kila ufa, kando yake rula.

Mama wa Shinyalu
Mwanangu, angalieni pia njia ya kutolea maji ya ziada. Ya kwetu ilizibwa na matete. Na mashimo ya fuko je?

Katibu wa Maji, Ikolomani
Asante mama, fuko wapo. Pia kuna mikaratusi juu ya tuta. Tuikate?

Mpima Ardhi, Nakuru
Msing'oe visiki kabla mhandisi wa mabwawa hajaona. Mizizi mikubwa ikioza huacha mianya ya maji. Yeye ndiye aandike ripoti. Nakala ipelekeni kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mkidai ukaguzi huu uingizwe katika ripoti ya athari za mgodi kwa mazingira.

Katibu wa Maji, Ikolomani
Kile kigingi cha mwambani kiwe umbali gani?

Mpima Ardhi, Nakuru
Nje kabisa ya ardhi ambayo mgodi unaweza kuishusha. Ombeni kwanza ramani ya mahandaki yao, ndipo mchague mwamba.