Kanda za Mbaraka Mwinshehe zilizoko redioni: zifunguliwe bure au zisubiri wenye haki?

Mleta hoja
Wakuu, mpiga gita na mwimbaji Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa 1944, akaingia bendi ya Morogoro Jazz 1965, akatoka 1973 kuunda bendi yake ya Super Volcano, na ajali ya gari ikamchukua Mombasa, Januari 1979. Miaka 14 ya kazi, basi. Nyimbo nyingi za kipindi cha Morogoro zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na hazina ya kanda za RTD ilirithiwa na TBC, shirika la utangazaji la taifa. Zile za kampuni ya santuri ya Polydor ya Nairobi zimetolewa tena na tena, zikiwemo LP (santuri ndefu) za "Ukumbusho" baada ya kifo chake. Za RTD unazisikia kwenye vipindi vya zilipendwa, au YouTube zikiwa zimenaswa kutoka redioni, mtangazaji anaongea juu ya gita. Hoja yangu ni fupi: zilirekodiwa studio ya umma kwa fedha za umma. Zihamishiwe kwenye kompyuta, ziwekwe mtandaoni, kila mtu apakue bure. Nani anapinga, na kwa msingi gani?

Mtu wa hakimiliki
Napinga nusu. Kwenye kila rekodi kuna haki mbili, na wewe umezifunga kamba moja. Kuna haki ya utunzi, yaani melodi na mashairi, na kuna haki ya rekodi yenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tungo za Mbaraka basi zinalindwa mpaka mwisho wa 2029, na wenye nazo ni warithi wake. Rekodi ina miaka 50 yake peke yake. Fedha za umma zilinunua rili, yaani magurudumu ya kanda, na kumlipa fundi mitambo. Kama zilinunua na utunzi, tuoneshe mkataba.

Mleta hoja
Sasa mkuu, si umenisaidia? Kilichorekodiwa 1970 kimemaliza muda 2020. Tunasubiri nini?

Mtu wa hakimiliki
Rekodi imemaliza, utunzi uliomo haujamaliza. Ukiuweka wimbo mtandaoni unatumia vyote viwili kwa mpigo.

Mkusanya santuri
Nyote mnahesabu miaka kana kwamba tarehe zinajulikana. Boksi nyingi za rili za zama zile zina jina la bendi na orodha ya nyimbo, tarehe hakuna, au ipo ya siku kanda iliponakiliwa, si siku bendi ilipopiga. Ukiisoma hiyo vibaya unakosea miaka mitano sita, na hesabu yote ya 50 inaanguka.

Njia ya kwanza ni jina la bendi: kilichoandikwa Super Volcano hakiwezi kuwa kabla ya 1973. Ya pili ni mashairi. Wimbo wa kumlilia Dk. Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, hauwezi kutangulia 25 Desemba 1971, siku aliyouawa. Wimbo wa safari ya Japani hauna maana kabla ya maonesho ya Osaka ya 1970, ambako Morogoro Jazz ilipeleka muziki. Ya tatu ni namba ya santuri: kama wimbo huohuo ulitoka Nairobi, namba ya katalogi ikilinganishwa na za jirani yake inakupa mwaka kwa kukisia vizuri. Nyimbo za mapenzi ndizo ngumu. Hazina tukio, hazina tarehe, na ndizo nyingi.

Fundi wa sauti
Naomba niwarudishe kwenye kanda zenyewe, maana mnagombania kitu kinachokufa. Kanda za zamani ni za aina mbili kwa plastiki yake, asetati na poliesta, na kila moja inaharibika kivyake. Za asetati zinanuka siki ukifungua boksi; zinasinyaa, zinajikunja pembeni, zinakatika. Za poliesta hazikatiki kirahisi, lakini baadhi, hasa za miaka ya 70 kwenda mbele, gundi inayoshika unga wa sumaku hunywa unyevu, na hewa ya Dar mnaijua. Ukizicheza hivyo hivyo zinapiga kelele, zinanata kwenye kichwa cha mashine na kuacha unga wa kahawia. Huo unga ndio muziki wenyewe.

Zinazonata hupashwa moto taratibu, nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi kwa saa nane au zaidi, kwenye tanuri linaloshika joto bila kuyumba, si jiko la keki la nyumbani. Zikishapoa unazinakili ndani ya wiki chache kabla hazijanata tena. Asetati usiipashe kamwe, utaimaliza. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutambua aina: inua rili kwenye taa. Mwanga ukipenya ubavuni, mara nyingi ni asetati, poliesta huziba.

Kisha kichwa cha mashine kirekebishwe mkao kwa kila kanda, kwa sikio, mpaka manyanga yasikike makali. Watu wanaruka hatua hii, halafu wanasema "rekodi za zamani zilikuwa butu". Hazikuwa butu, kichwa kilikaa upande. Nakala iwe faili la WAV, lisilobana sauti, la biti 24, kHz 96. Kwa mono ni kama GB 1 kwa saa, kitu ambacho leo hakiogopeshi. Na kusafisha kelele kusifanywe kwenye nakala mama. Programu ya kuondoa mvumo ikizidishwa inakula manyanga na ule mng'ao wa gita la rithimu, na kinachobaki ni kama bendi inapiga ndani ya tangi la maji.

Mpiga solo
Fundi umesahau spidi. Nyimbo nyingi za Mbaraka zilizoko mtandaoni zimepanda au kushuka karibu nusu toni. Kijana anakaa na gita, anajifunza solo kwa kuinua kapo (kibanio cha nyuzi kinachopandisha sauti ya gita), kumbe mashine ndiyo ilikimbia. Asilimia 6 tu ya spidi inatosha kuhamisha wimbo nusu toni, na sauti ya Mbaraka, iliyokuwa nzito na tulivu, inageuka ya kijana.

Fundi wa sauti
Kweli kaka. Dawa ipo: mvumo wa umeme. Studio ilikuwa kwenye umeme wa Hezi 50 na mvumo wake umo ndani ya kanda. Pima sehemu tulivu kabla gita halijaanza. Ukikuta 53, kanda inakwenda kasi kwa asilimia 6. Ila hakikisha unachopima si mvumo wa mashine yako, na umeme wetu haukuwa 50 kamili kila saa, hivyo usitegemee usahihi wa chini ya asilimia 1.

Mpiga solo
Sawa, narudi kwenye hoja. Mimi naunga mkono kufungua, lakini sipendi hii lugha ya "kanda za Mbaraka". Bendi ile haikuwa mtu mmoja. Solo ilikuwa yake, sawa. Lakini sikilizeni wimbo ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea: solo haiwezi kutembea bila gita la pili kushika kipande kilekile bila kubadilika, rithimu chini yake, besi inayoacha nafasi badala ya kujaza, tumba, manyanga, saksafoni za kujibu. Wapigaji wote hao kwenye santuri hawana majina. Chini ya jina la wimbo unakuta jina moja, mara nyingi la kiongozi. Kama kuna fedha au heshima inatoka hapa, inakwenda kwa nani?

Mtu wa hakimiliki
Swali zuri, na linaongeza ugumu. Kama wimbo ulitungwa na mwanabendi mwingine, muda wake unahesabiwa kwa kifo chake yeye. Akifa 2005, ni hadi 2055. Akiwa hai, hata kuhesabu hakujaanza. Wapigaji na waimbaji wana haki yao ya uimbaji, miaka 50, na wana haki ya kutajwa. Ndiyo maana "bure kwa wote" kwa mkupuo mmoja haiwezekani: huna orodha ya watunzi wimbo kwa wimbo.

Mleta hoja
Kwa hiyo Nairobi waendelee kuuza, sisi tuendelee kutafuta majina mpaka kanda zinuke siki zote?

Mkusanya santuri
Nairobi nako usikuone pepo. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 45 unabeba kama dakika nne au tano, hivyo wimbo mrefu ulikatwa: sehemu ya kwanza inafifia katikati ya chemko, unageuza, ya pili inaanza. Mipigo iliyopotea pale haiungiki, na wanaojaribu kuunganisha wanaacha donge unalolisikia. Palipo na kanda ya RTD ya wimbo huohuo bila mkato, ndiyo pekee yenye wimbo mzima. Bila "Shida" ya Nairobi leo wengi wasingemjua Mbaraka, nakubali, lakini mpangilio kamili wa Morogoro usiutafute huko.

Mhifadhi nyaraka
Mnachelewesha mambo mawili kwa sababu ya moja. Kunakili ni kazi ya mwenye kanda na haina haja ya kusubiri ruhusa ya kuchapisha. Kufungua ndiko kunakobishaniwa. TBC inakili zote sasa, kuanzia asetati zenye harufu. Inachapisha orodha peke yake, bila sauti: jina la wimbo, bendi, urefu, makisio ya mwaka, na sekunde 20 za mwanzo endapo warithi watakubali. Wanabendi wazee na familia zao wataje nani alitunga nini. Zenye mtunzi aliyethibitishwa kuwa Mbaraka, rekodi ikiwa imemaliza miaka 50, mzungumze na familia yake sasa, msingoje 2029.

Mleta hoja
Na zisizotajwa na mtu yeyote?

Mtu wa hakimiliki
Hizo mimi ningeziacha zisikilizwe palepale kwenye hazina, zisipakuliwe.

Mpiga solo
Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Anayetaka kujifunza gita la pili la Morogoro Jazz yuko Kigoma, yuko Tanga. Umwambie apande basi hadi Dar kusikiliza dakika nne?

Mtu wa hakimiliki
Basi ziwekwe kwa kusikiliza tu mtandaoni, na anayedai utunzi akijitokeza na ushahidi, ziondolewe siku hiyohiyo mpaka mkubaliane. Zaidi ya hapo siendi.