Wakuu, kuna njia ya baiskeli ya siku kadhaa Marekani isiyo na magari kabisa?

mwana_pangani
Habari za humu wakuu. Niko Maryland mwaka wa sita huu, kazi za usiku, mnajua wenyewe. Mama watoto amejifunza kuendesha baiskeli mwaka jana akiwa na miaka 41, kwao alikua anaona kaka zake tu ndo wanapewa yeye anaambiwa kaa, sasa hivi hashikiki, kila jumapili tuko kwenye bustani tunazunguka mpaka jua linazama. Shida ni magari. Gari likipita karibu anakamata breki zote mbili anashuka, na simlaumu maana mwaka juzi mimi mwenyewe kioo cha gari kilinipiga kiwiko nikaenda chini na dereva hakusimama.

Mwezi wa kumi tumepata likizo ya wiki moja wote wawili, watoto watabaki kwa mdogo wangu. Tunataka safari ya baiskeli siku tano sita hivi, mashambani, kimya, tunalala njiani, tunaona vitu vya kale, hatuna haraka na mtu. Ipo njia kama hiyo? Na mtu wa kawaida anaiweza? La mwisho naliuliza waziwazi, sisi weusi na lafudhi zetu hizi, huko vijijini ndani ndani tutakua salama?

babu_wa_pedali
Ndugu yangu hiyo njia unayo mlangoni. Inaitwa C&O Canal (Chesapeake and Ohio), inaanzia Georgetown pale Washington inafuata mto Potomac mpaka mji wa Cumberland, maili 184 na nusu, karibu kilomita 297, na magari hayaruhusiwi. Barabara utakua unazikatiza tu mara moja moja.

Ni hivi, zamani ulikua mfereji wa kusafirishia mizigo, makaa ya mawe hasa. Boti ilikua inavutwa na nyumbu (wale wa punda na farasi, sio wa Serengeti) wanatembea pembeni ya maji na kamba ndefu, sasa ile njia waliyokua wanakanyaga nyumbu ndo leo tunapita na baiskeli. Walianza kuchimba tarehe 4 Julai 1828, na siku hiyohiyo kule Baltimore reli nayo ikaanza kujengwa. Reli ikafika Cumberland 1842, mfereji ukafika 1850, miaka minane nyuma. Yaani ulizaliwa umeshachelewa. Ukavumilia hivyohivyo mpaka mafuriko ya 1924 yakaumaliza.

Kwa mama nakushauri muanzie Cumberland mshuke kuja Washington. Tofauti ya kimo ni kama mita 184 tu safari nzima kwahiyo usitegemee kuteremka bila kupiga pedali, ila hamna mlima wa kumkatisha mtu tamaa. Kile kimo walikipanda kwa malango ya maji 74, boti inaingia, mlango unafungwa nyuma, maji yanajazwa, boti inapanda, mlango wa mbele unafunguliwa. Simameni kwenye malango, msipite tu. Kwenye kona za mawe ya baadhi yao kuna michirizi iliyochimbwa na kamba, miaka na miaka kamba inasugua palepale, unaingiza kidole kinazama. Mimi nilikaa pale nikanywa chai yote ya chupa.

Kwenye maili ya 155 (maili zinahesabiwa kuanzia Georgetown) kuna handaki la Paw Paw, mita 950 ndani ya mlima, matofali zaidi ya milioni sita, lilianza 1836 likaisha 1850, limewala vibarua na pesa. Ndani hamna taa hata moja. Mnashuka, mnasukuma baiskeli, tochi mkononi sio kwenye simu, maana upande mmoja ni ukuta upande mwingine ni uzio wa mbao kisha maji. Matone yanaanguka shingoni na kila hatua inarudi na mwangwi. Mwambie mama mapema asije akashtukia mlangoni.

Kulala, kila baada ya maili kadhaa kuna kambi za bure za waendesha baiskeli na watembea kwa miguu, meza, choo, pampu ya maji ya mkono, mnafika mnapiga tenti. Maji ya pampu wanayatia iodini ladha yake utaijua tu. Mwezi wa kumi pampu bado zipo, katikati ya mwezi wa kumi na moja wanazifunga. Mkichoka tenti, hoteli ndogo zipo Hancock, Williamsport na Harpers Ferry, na kuna nyumba za kale za walinzi wa malango ambazo zinakodishwa, nyingine hazina umeme wala maji ila kulala humo ni kitu kingine.

Kwenda Cumberland pandeni treni ya Amtrak, inabeba baiskeli, nafasi ni chache, kateni tiketi mapema na ya baiskeli pia.

dada_wa_frederick
Hiyo swali ya mwisho wacha nikujibu mimi. Ni mwanamke, mweusi, Mkenya, na nimeipita yote mara mbili, mara moja nikiwa peke yangu. Watu wa hiyo njia wanasalimia hata kuliko huku mjini. Mzee mmoja karibu na Hancock alinipata nimesimama naangalia cheni imetoka, akashuka, akanisaidia, akanigawia tufaha mbili, akaenda zake. Kuna duka moja tu niliingia nikaangaliwa sana, nikanunua maji nikatoka. Siwezi sema haiwezi tokea kitu lakini mimi ningerudi kesho. Cha kuogopa zaidi ni netiweki, kati ya Cumberland na Hancock simu inakatika sana, so mwambieni mdogo wako mtakua wapi kila usiku.

Halafu tafadhali msipite Harpers Ferry mkikimbia. Iko maili ya 60, ng'ambo ya mto, mnavuka kwa daraja la reli lenye njia ya miguu. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859 John Brown, mzungu aliyepinga utumwa, alivuka mto hapo akitoka upande wa Maryland na watu wake, wakateka ghala la silaha la serikali, nia ikiwa watumwa wapewe hizo silaha. Watano kati yao walikua weusi. Mmoja ni Dangerfield Newby, alizaliwa mtumwa akaachiliwa, lakini mke wake Harriet na watoto walikua bado mali ya mtu huko Virginia. Harriet alikua amemwandikia akimsihi aje amnunue haraka kabla hajauzwa kwa mwingine. Newby aliuawa hapo barabarani, kwa kundi lao yeye ndiye alitangulia kufa, na hizo barua zikapatikana. Kajengo kenye Brown alijifungia mwishoni bado kapo, ka matofali, kadogo hata hukadhanii, milango mitatu. Brown alinyongwa Desemba hiyohiyo.

Na 1906 W.E.B. Du Bois, msomi mweusi Mmarekani mpigania haki, na wenzake walifanya mkutano hapo Harpers Ferry kudai haki zetu, asubuhi na mapema wakatembea kwenda kwa hako kajengo kutoa heshima, wakati huo kalikua kamehamishiwa shamba moja hapo karibu. Huyo Du Bois ndiye alikufa Accra 1963 akazikwa hukohuko. Mimi nilisimama kwa huo mlango kitambo, baiskeli imeegemea ukuta, sikuwa na haraka ya kuenda mahali.

fundi_spoku
Mmesema yote mazuri, tope hamjasema. Sehemu nyingi wameweka changarawe ndogo zimeshindiliwa, safi kabisa, ila nyingine ni udongo na mizizi, na mvua ikipiga siku mbili unakua ugali. Mwaka niliopita mimi udongo ulijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma, kila nusu saa nashuka nachokonoa na kijiti. Kwahiyo madigadi weka lakini iache nafasi ya kidole kizima juu ya tairi, na tairi ziwe pana, milimita 40 kwenda juu, zile nyembamba za lami acha nyumbani. Tyubu mbili za akiba kila mtu, viraka, pampu, mafuta ya cheni. Na fundisha mama kuziba pancha kabla hamjaondoka, akae chini afanye kwa mkono wake mara mbili, sio akuangalie wewe.

Kingine, karibu na Hancock kuna njia ya lami sambamba na mfereji, ilikua reli, tope likizidi hamieni huko.

babu_wa_pedali
Fundi kanena. Niongeze moja kwa mwenye mada maana ndo swali lake lenyewe. Miaka ya 1950 kulikua na mpango wa kuufanya huo mfereji uliokufa uwe barabara ya magari. Jaji wa Mahakama ya Juu, William O. Douglas, akawaandikia wahariri wa gazeti la Washington Post waliokua wanaunga mkono barabara, njooni tutembee wote muone mnachotaka kukiua. Machi 1954 wakatembea kutoka Cumberland, wengi wakaachia njiani, jaji akafika. 1971 ikawa hifadhi ya taifa ya kihistoria. Bila hivyo mama angekua anakamata breki hukohuko.

mwana_pangani
Wakuu Mungu awabariki, sikutegemea haya. Nimemsomea zote jana usiku. Handaki kanyamaza kidogo akauliza kama nitakua mbele au nyuma, nikamwambia popote atakapo. Ile ya Harriet akaniomba simu akaisoma mwenyewe, akairudia tena. Kasema Harpers Ferry tunalala siku mbili hata kama hatufiki Georgetown. Tiketi nimekata leo, baiskeli zote mbili zimepata nafasi.

dada_wa_frederick
Vizuri sana! Huku upande wa Maryland, kupanda kwa hilo daraja ni ngazi ya chuma ya kuzunguka, na baiskeli ni ya kubeba. Toeni mabegi, mmoja apande nayo kwanza abaki juu akiyachunga, halafu mwingine abebe baiskeli moja moja.