"Sente o utsu" ni kupiga nini?

Fundi_Nagoya: Wakuu, niko yadi ya magari hapa Nagoya, Japani. Jana nilimpigia mteja simu kumwambia gari lake litachelewa, kabla hajauliza. Bosi akanigonga bega: "Sente o utta ne." Kamusi inasema nimepiga mkono wa mbele. Nimempiga nani tena?

JiweJeusi: Tulia, umesifiwa. Msemo wa go huo, mchezo wa ubao wa mawe meusi na meupe. "Te" ni mkono, ila ubaoni ni hatua ya mchezaji. "Sen" ni kutangulia. Na jiwe la go halisogezwi, linapigwa: unalibana kati ya kidole cha shahada na cha kati, tak! Mwenye mawe meusi ndiye huanza, na faida yake ni kubwa mpaka Japani mwenye meupe hufidiwa pointi 6.5.

BintiKyoto: Yaani umewahi. Ukichelewa wanasema "gote ni mawaru", unabaki kujibu hatua za mwenzio tu.

Fundi_Nagoya: Kumbe! Mimi usiku kucha nilidhani naitwa ofisini. Mteja alinuna, lakini oda hakughairi.