Kikundi cha Ukoo: Dogo Amegoma Mazoezi

MAMA MDOGO: Jamani za jioni. Dogo leo siku ya nne haendi mazoezini. Nusu ya pesa ya usajili haijaingia tangu mwezi wa nane. Nimemwambia akae hapahapa nyumbani mpaka wamtafute wenyewe.

DA MKUBWA: Siku nne?? Mkataba unasemaje lakini?

DOGO WINGA: Da, mbona wakubwa wote wanagoma. Marekani kwenye ule mpira wa yai mtu anasema tu "niuzeni" anauzwa. Muulize mjomba

BAMDOGO: Mchango wa arusi mwisho Jumamosi. Sisemi tena.

MJOMBA COLUMBUS: Shikamoo baba. Shikamooni wakubwa. Niko breki, dakika 20.
Mjomba, kwanza huku hawauzwi. Klabu haitoi hela kumnunua mtu. Wanabadilishana: mchezaji kwa mchezaji, au wanapeana nafasi za kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Na anayeweza kutunisha msuli hasa ni kwotabeki, yule mrusha mpira. Wewe winga 😂

BABU: Marahaba mwanangu. Endelea.

MJOMBA COLUMBUS: Mwaka 2011, hapahapa Ohio, kwotabeki Carson Palmer aliwaambia timu yake, Cincinnati Bengals, mnibadilishe au nastaafu. Akaiweka na nyumba sokoni. Mwenye timu akakataa katakata. Msimu ukaanza Septemba jamaa yuko kwake. Oktoba kwotabeki wa Oakland Raiders akavunjika mfupa wa bega, ndipo wakaja mbio kumchukua.

DOGO WINGA: Si alishinda sasa!!

MJOMBA COLUMBUS: Alikuwa na mamilioni ya dola ya kukalia. Wewe jana umeniomba vocha.

DA MKUBWA: 😂😂😂 uwiii

MJOMBA COLUMBUS: Na siku hizi wamekaza. Kwenye makubaliano ya ligi na wachezaji ya 2020, mchezaji aliyeshavuka mkataba wake wa kwanza akikosa kambi ya kabla ya msimu ni faini dola 50,000 kwa siku. Timu hata ikitaka kumsamehe hairuhusiwi.

MAMA MDOGO: Kaka wewe uko upande gani? Mtoto kadhulumiwa.

MJOMBA COLUMBUS: Niko upande wenu dada. Ngoja nikupe wa kwako. Lamar Jackson, kwotabeki wa Baltimore Ravens, hana wakala. Anayemsaidia kwenye mambo ya mkataba ni mama yake mzazi.

MAMA MDOGO: Enhee! Mmesikia?

MJOMBA COLUMBUS: 2023 mkataba wake umeisha, timu ikambandikia lebo. Lebo maana yake msimu mmoja tu, dola milioni 32.4, na timu nyingine ikimtaka Ravens wana haki ya kulifikia dau wakabaki naye. Asubuhi ya tarehe 27 Machi, kocha wake yuko Arizona kwenye mkutano wa ligi, ndiyo kwanza anakaa mezani na waandishi wa habari. Lamar akaandika mtandaoni kwamba ameomba kubadilishwa tangu tarehe 2. Kocha anaulizwa kitu ambacho wanaomuuliza wanakisoma kwenye simu papo hapo.

DOGO WINGA: 🔥🔥🔥

MJOMBA COLUMBUS: Zile timu nyingine 31, hakuna hata moja iliyoleta karatasi. Mwezi mmoja baadaye akasaini na walewale Ravens, miaka 5, milioni 260. Sasa sikilizeni hapa: za uhakika zilikuwa 185. Zilizobaki ni "tukipenda".

DA MKUBWA: Tukipenda vipi na wamesaini?

MJOMBA COLUMBUS: Ndiyo ligi yao. Namba inayotangazwa ni ya gazetini. Mshahara wa mwaka wa nne au wa tano mara nyingi timu inaweza kukuacha na isiulipe. Ya kwako ni ile iliyoandikwa kwamba ni lazima. Deshaun Watson alisaini na Houston 2020, miezi michache akaomba kuondoka. Msimu wote wa 2021 hakugusa mpira. 2022 Cleveland Browns wakamchukua, milioni 230, ZOTE za uhakika. Kafungiwa mechi 11, kaumia bega, kaumia kifundo, hela inaingia.

SHANGAZI: Huyo si ndiye alishtakiwa na wanawake zaidi ya 20? Msimfanye mfano kwa mtoto.

MJOMBA COLUMBUS: Ndiye, shangazi wa watoto. Alikana, ila uko sahihi. Huku Ohio mashabiki wa Browns ukiwatajia ule mkataba wanabadilika sura.

BABU: Hayo ya mbali. Hapa kwetu tulimwona Feisal Salum. Alijilipia shilingi milioni 112 akidhani amevunja mkataba na Yanga. Yanga wakazirudisha. TFF, shirikisho la soka, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa miezi hachezi, mpaka Rais Samia aliposema lile jambo limalizwe, ndipo akaenda Azam. Mjukuu wangu, wewe unamjua Rais?

DOGO WINGA: Hapana babu

BAMDOGO: 😂😂 ule ugali na sukari wa Feisal unakusubiri

BABU: Basi leta huo mkataba tuusome.

DOGO WINGA: [picha]

DA MKUBWA: Hii picha umepiga gizani? Naona kivuli cha kidole na duara la kikombe cha chai.

BABU: Nimevaa miwani. Ukurasa wa pili, "miaka 3" imeandikwa kwa kalamu juu ya "miaka 2". Nani aliandika?

DOGO WINGA: Katibu. Alisema wamekosea kuchapa

MAMA MDOGO: Mbona hukuniambia!!

BABU: Na pesa ya usajili, awamu ya pili, mbele ya neno "tarehe" pana vidoti vitupu. Ukurasa wa mwisho wenye sahihi na mhuri uko wapi?

DOGO WINGA: Uko klabuni babu. Nilipiga picha hizo mbili nikiwa natoka. Kopi walisema watanipa

MJOMBA COLUMBUS: Mjomba. Una miezi mingapi bila kopi?

DOGO WINGA: Mitano

BABU: Mali bila daftari huisha bila habari.

MAMA MDOGO: Kesho naenda mwenyewe. Kama mama Lamar.

MJOMBA COLUMBUS: Nenda dada, lakini yeye aende mazoezini kwanza, akiwa na jezi yake. Akiendelea kulala ndani watasema yeye ndiye aliyevunja, na karatasi wanayo wao. Avae, akimbie, akimaliza ndiyo muingie ofisini kuomba kopi. Msigombane na katibu. Kopi tu. Tarehe na kile kitatu tutavizungumza tukishaona kurasa zote. Breki imeisha.

DA MKUBWA: Mimi nawasindikiza. Mama mdogo akianza kupaza sauti namtoa nje.

MAMA MDOGO: Sipazi sauti mimi.

BAMDOGO: 👀

DOGO WINGA: Mazoezi saa kumi na mbili asubuhi. Nauli ya boda toka Ngamiani nani anatoa

SHANGAZI: Nakutumia. Ukitoka upitie kwangu na hiyo kopi, usiende nayo kijiweni.