Maabara Mwanza kwa bajeti finyu: tununue au tufarague?

Ticha_Buhongwa: Walimu, shikamooni wakubwa. Shule yetu ya kata chumba cha maabara inacho, ila makabati matupu. Kidato cha nne wapo 42. Ninunue seti chache za kioo watoto wapokezane, au nifarague, yaani nitengeneze kwa vitu vya kawaida, kila mmoja ashike chake?

Mama_Kemia: Mwalimu, hela yote ipeleke kwenye bureti (mrija mrefu wenye vipimo na koki chini) na mizani. Bomba la sindano la ml 10, bila sindano yenyewe, linafanya kazi ya pipeti, ya kuvuta kimiminika kwa kipimo, vizuri kabisa. Ila usilitumie badala ya bureti! Sifuri ya bureti iko juu, namba zinaongezeka kwenda chini; bomba ni kinyume. Mimi nilifundishia mabomba mwaka mzima, mtihani wa vitendo ukafika, penye 22.6 watoto wakaandika 23.4. Walihesabu kutoka chini kwenda juu. Iliniuma sana, kwa sababu kemia yenyewe waliijua.

Kijana_wa_Mwaloni: Baiolojia msihangaike. Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri, chukua sato mzima, inua kifuniko cha shavu waone matamvua yalivyojipanga, mekundu, laini kama nyuzi. Iodini ya duka la dawa itawaonyesha wanga kwenye ugali.

Fundi_Maabara: Asidi ya betri nayo ni salfuriki, bei nafuu. Ni kali lakini: mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Pima nguvu yake kabla ya kuwapa watoto. Kiashiria, yaani cha kutambua asidi na besi kwa rangi, chemsha choya. Kwenye asidi ni nyekundu, kwenye besi inaelekea kijani. Hiyo ya kufundishia tu.

Mama_Kemia: Kweli. Titresheni (kupima asidi kwa bureti mpaka kiashiria kibadilike rangi) ya sodiamu kaboneti inataka kiashiria cha methili oranji, hapo choya itawapotosha.

Ticha_Buhongwa: Asante madamu, asante fundi. Nilikuwa nimeandika na vipimajoto vipya, maana hivi vyetu ni vibovu. Maji yanatokota kabisa, vyote vinasoma 96.

Fundi_Maabara: Vyote? Basi ni vizima, mwalimu! Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, maji yanachemka kabla ya kufika 100. Hilo tayari ni somo la fizikia.

Ticha_Buhongwa: Kumbe! Navifuta kwenye orodha sasa hivi, hela yake naongezea bureti. Kesho nawachemshia tena, wajibu wenyewe kwa nini.